Kisa cha Bosi: mbwa aliyeongezewa kinga hadi damu ikapungua

Swali ambalo wafugaji wa mbwa hutuuliza mara nyingi kuliko yote ni hili: "Daktari, nimpe nini aongeze kinga?" Kisa hiki nakieleza kwa sababu kinajibu swali hilo kwa njia ambayo mwenye mbwa hakuitarajia. Jina la mbwa si lake, mji ni mmoja wa miji ya pwani ya Tanzania, na yote yanayoweza kuitambulisha familia nimeyaondoa.

## Usuli

Bosi ni dume, chotara wa German Shepherd, mwenye umri wa miaka 3. Alipofikishwa kliniki alikuwa na kilo 26. Mwaka mmoja nyuma alikuwa na 31. Anailinda nyumba ya mama mmoja mstaafu akiwa pamoja na jike wa kienyeji mwenye umri wa miaka 7 hivi. Nyumbani yupo pia paka, na mbuzi wa jirani hupita uani wapendavyo. Mchana mbwa hufungiwa kwenye banda la matofali ya saruji lisilopigwa lipu. Usiku huachiwa.

Chakula chao kilikuwa ugali wa mahindi yale ya bei ya chini yanayouzwa "kwa ajili ya mifugo", dagaa siku mbili tatu kwa wiki, na mabaki ya mezani. Chanjo alipata moja ya mchanganyiko akiwa na wiki 6, na ya kichaa cha mbwa mara moja tu. Baada ya hapo mama alikataa chanjo kabisa, na alikuwa na sababu. Miaka ya nyuma mtoto wa mbwa wake alichanjwa, na siku nne baadaye akaanza kuharisha damu, akafa. Kwa mtu aliyeona hivyo kwa macho yake, kuilaumu sindano ni jambo la kawaida. Kwa daktari, siku nne zinasema kitu kingine: parvo, ugonjwa wa virusi unaoharisha damu, huchukua siku 3 hadi 7 hivi kujitokeza, kwa hiyo yule mtoto inaelekea aliletwa kuchanjwa akiwa nayo tayari.

Nasema haya ili msomaji asimwone mama huyu kama mzembe. Maji ya mbwa wake hubadilishwa kila asubuhi, na banda hufagiliwa. Alichoamua ni kwamba mbwa wake watajengewa kinga kwa vitu vya asili: mwarobaini, mlonge, asali, manjano, na zaidi ya vyote, kitunguu saumu.

## Mambo yalivyofuatana

Mwishoni mwa vuli Bosi alijaa kupe masikioni na katikati ya vidole. Kijana anayewahudumia mbwa alimwogesha kwa dawa ya kuogeshea ng'ombe iliyokuwa imebaki kwa jirani, kipimo akikikadiria kwa kifuniko cha chupa. Siku hiyo mbwa alilala mchana kutwa, akisimama anayumba. Ilikuwa dawa ya amitrazi. Kwa kipimo sahihi hutumika hata kwa mbwa. Kwa kipimo cha kubahatisha huyapunguza mapigo ya moyo na kumlevya mnyama. Familia iliogopa, ikaachana na dawa za kupe zote, ikabaki kumpaka mafuta ya mwarobaini.

Wiki mbili tatu baadaye Bosi alipata homa. Alikataa chakula, macho yakajaa tongotongo, akawa anajitenga. Mama alimpa maji ya mwarobaini, asali na punje mbili za kitunguu saumu kilichotwangwa. Baada ya wiki moja na ushee mbwa alirudi kula na kubweka. Nyumba nzima ikakubaliana kwamba dawa imefanya kazi, na kitunguu saumu kikawa cha kila siku.

Kuanzia Januari mambo yaligeuka polepole. Mbavu zilianza kuonekana, manyoya yakapoteza mng'aro, na usiku kijana alimkuta amelala getini watu wakipita. Kila alipozidi kulegea, kitunguu saumu kiliongezwa. Hakuna aliyeona mantiki hiyo kuwa na kasoro: mbwa ni dhaifu, maana yake kinga imeshuka, kinga imeshuka, basi tuipandishe.

Masika yalipoanza, asubuhi moja walikuta sakafu ya banda ina matone ya damu. Pua ya kushoto ilikuwa ikivuja na haikukata hadi jioni. Mkojo ulikuwa na rangi ya chai ya rangi. Kesho yake aliletwa.

## Kliniki

Fizi zilikuwa nyeupe, karibu na rangi ya karatasi. Chini ya tumbo, pale penye manyoya machache, na ndani ya masikio palikuwa na vidoti vyekundu vidogo kama ncha ya kalamu, ambavyo ukivibonyeza havipotei. Hiyo ni damu iliyovuja chini ya ngozi. Tezi za shingo na za nyuma ya goti zilikuwa zimevimba, bandama ilishikika kwa mkono, na joto lilikuwa 39.6.

Vipimo vya damu vilitoa picha hii. Ujazo wa chembe nyekundu ulikuwa asilimia 19, wakati kwa mbwa mzima hutakiwa uwe kati ya 37 na 55. Chembe sahani, zinazogandisha damu, zilikuwa 22,000 kwa mikrolita, wakati kiwango kizuri ni kuanzia 200,000 hivi. Chembe nyeupe zilikuwa 6,800, idadi isiyo na tatizo. Jumla ya protini kwenye damu ilikuwa gramu 9.1 kwa desilita, juu mno, ilhali albumini, protini ya damu inayotengenezwa na ini, ilikuwa chini. Kipimo cha haraka cha kingamwili (protini ambazo mwili hutengeneza kupambana na vijidudu) dhidi ya Ehrlichia canis, kijidudu cha homa ya kupe, kilionyesha mstari wazi, yaani zipo.

Mpaka hapo jibu lilionekana jepesi: homa ya kupe, anza dawa, funga faili. Kilichotusimamisha ni slaidi ya damu.

Homa ya kupe ikikaa muda mrefu inaweza kuuchosha uboho, kiini cha mifupa kinachotengeneza damu, hadi ukaacha kutengeneza chembe za aina zote. Hapo upungufu wa damu huwa mkavu: huoni chembe nyekundu changa zikiingia kuziba pengo, na matumaini huwa madogo. Kwa Bosi, chembe changa zilijaa. Uboho ulikuwa ukifanya kazi kwa nguvu zote, lakini damu ilikuwa ikiharibika au kumwagika upesi kuliko unavyoweza kufidia. Damu ya puani peke yake, ya siku moja na nusu, haikutosha kueleza asilimia 19. Tulipoitia slaidi nyingine rangi ya bluu ya methilini, vikaonekana vifundo vidogo vya bluu vimeng'ang'ania kingo za chembe nyekundu. Wataalamu huviita miili ya Heinz. Hivyo hutokea himoglobini inapounguzwa na kemikali fulani, na kwa mbwa anayelishwa nyumbani washukiwa wa kwanza ni jamii ya vitunguu.

Tukamuuliza mama kuhusu vitunguu.

"Vitunguu maji simpi, daktari, najua ni sumu kwa mbwa. Kitunguu saumu kidogo tu, cha kinga."

Kidogo ni kiasi gani? Punje mbili, alisema, na alikuwa anasema kweli kwa kadiri anavyojua. Kijana alikuwa amesimama mlangoni ameshika kamba ya mbwa. Alipoulizwa yeye aliangalia kwanza upande wa mama, kisha akafumbua kiganja akionyesha ukubwa: kichwa kizima kwa siku, na siku ambazo Bosi hakula vizuri, viwili. Aliambiwa aongeze, akaongeza. Akataja pia kwamba mabaki ya mezani, pamoja na rojo la vitunguu la pilau na biriani, yote yalikuwa yakiishia kwenye sufuria ya mbwa.

## Maamuzi na sababu zake

Vitunguu vya aina zote kuachwa siku hiyohiyo, pamoja na manjano na mwarobaini wa kunywa. Kitunguu saumu kiliondolewa kwa sababu ya miili ya Heinz. Manjano yaliondolewa kwa tahadhari, maana yanadhaniwa kupunguza ugandaji wa damu na mbwa huyu hakuwa na chembe sahani za kuchezea. Hapa ndipo mama alipopinga kwa mara ya kwanza: "Sasa unataka nimwondolee kinga wakati ndiyo kwanza anaumwa?"

Doksisaiklini, dawa ya antibiotiki, miligramu 10 kwa kila kilo, mara moja kwa siku, kwa siku 28. Ndiyo dawa inayokubalika duniani kwa Ehrlichia canis. Siku 28 ndizo zinazovunjwa zaidi na wafugaji, kwa sababu mbwa huchangamka siku ya tatu au ya nne na watu huona kumaliza dozi ni kupoteza hela. Maelekezo mawili yalisisitizwa. Dawa isipewe na maziwa, maana kalisi huikamata dawa tumboni na sehemu ya dozi haifyonzwi. Mama alikuwa na desturi ya kumpa mbwa vidonge ndani ya maziwa. Pili, isimezwe kavu, kwani kidonge kikikwama kooni huchoma na kuacha kidonda. Kijana alifundishwa kukiweka kwenye tonge la ugali na dagaa, kisha kumpa tonge la pili lisilo na dawa na maji juu yake.

Predinisoloni kwa siku chache, kisha kupunguzwa. Uamuzi huu ndio uliokuwa na mjadala mkubwa zaidi, hata kati yetu wenyewe. Predinisoloni hukandamiza kinga. Kumpa mbwa mwenye maambukizi dawa ya kushusha kinga ni jambo linalotaka sababu nzito. Sababu yenyewe ilikuwa zile chembe sahani 22,000. Kwa kiwango hicho mbwa anaweza kuvuja damu kwenye ubongo akiwa usingizini, na sehemu kubwa ya chembe sahani zinazopotea katika ugonjwa huu huharibiwa na kinga ya mbwa mwenyewe.

Kutomwongezea damu, ila kumpima kila siku. Madaktari wengi huongeza damu ujazo unapokaribia asilimia 15, au mapema zaidi mbwa akianza kuhema na moyo kwenda mbio. Bosi alikuwa ametulia. Mama alimtoa jike wa nyumbani ajitolee damu. Wazo zuri, lakini jike huyo aliishi na kupe walewale, na alikuwa na kilo 17. Mbwa wa kutoa damu hutakiwa awe na kilo 25 kwenda juu na asiwe na magonjwa ya kupe.

Kupe kushambuliwa kwa mbwa wote wawili na kwenye banda kwa wakati mmoja. Mbwa walipewa kidonge cha kutafuna cha kundi la isoksazolini, dawa za kuua kupe. Banda lilipuliziwa dawa mara mbili, kwa nafasi ya wiki mbili, na likapigwa lipu. Paka aliondolewa eneo hilo hadi dawa ikauke, kwani permethrini, dawa ya kupulizia ambayo mbwa huistahimili vizuri, inaweza kumuua paka.

Chanjo kusubiri. Mama alitarajia tutamchoma Bosi chanjo hapohapo na alikuja amejiandaa kubishana. Alishangaa kusikia hapana. Mbwa mwenye homa na aliye kwenye predinisoloni hachanjwi, mwili wake haupo katika hali ya kujifunza vizuri kutokana na chanjo.

Chakula kubadilishwa. Unga ule uliangaliwa, ukaonekana una harufu ya ukungu. Ukasimamishwa, na mahali pake pakaja ugali wa unga mzuri kwa kiasi kidogo, dagaa waliooshwa kuondoa mchanga na chumvi, mayai ya kuchemsha na nyama ya bei nafuu isiyo na mifupa.

## Matokeo

Siku ya pili ujazo ulishuka hadi asilimia 17. Ulikuwa usiku mgumu kwa kila mtu, kwa sababu kitunguu saumu kilichokwisha kuliwa huendelea kuharibu chembe kwa siku kadhaa. Pua ilikauka siku ya tatu. Siku ya saba chembe sahani zilikuwa 96,000 na ujazo asilimia 23. Siku ya 28 zilikuwa 214,000 na asilimia 36, uzito kilo 28. Mkojo ulirudi rangi yake mwishoni mwa wiki ya kwanza.

Jike wa kienyeji alipimwa pia. Kwa nje alikuwa mzima, lakini chembe sahani zake zilikuwa 110,000 na kipimo cha kingamwili kilisoma, hivyo naye alipata doksisaiklini zake za siku 28.

Miezi mitatu baadaye Bosi alirudi kwa ukaguzi, damu ikawa safi. Kipimo cha kingamwili bado kilionyesha mstari, na mama akataka kununua dozi nyingine. Haikuhitajika. Kingamwili hubaki kwenye damu miezi mingi baada ya vijidudu kutoweka. Kipimo hicho husema mbwa amewahi kukutana na ugonjwa, hakisemi kama bado anao. Siku hiyo alichanjwa kichaa cha mbwa.

## Uchambuzi

### Kinga ilikuwa imezidi, haikupungua

Rudi kwenye ile protini ya 9.1. Karibu ziada yote ilikuwa globulini, na sehemu kubwa ya globulini hizo ni kingamwili. Yaani wakati mama anatwanga kitunguu saumu ili kinga ipande, mwili wa Bosi ulikuwa tayari unamimina kingamwili kupita kiasi, na hazikuwa zinamsaidia.

Ehrlichia canis hujificha ndani ya chembe nyeupe, mahali ambapo kingamwili haziingii. Mwili hauachi kuzitengeneza kwa sababu hiyo, huzidisha. Nyingine hujibandika kwenye chembe sahani, na bandama, ambayo kazi yake ni kuokota vilivyowekwa alama, huzila. Nyingine huungana na mabaki ya vijidudu na kutuama kwenye figo na macho. Kwa hiyo mbwa anavuja damu kutokana na kazi ya askari wake mwenyewe. Ndiyo maana dawa mbili zilizomtoa Bosi hatarini zilikuwa moja ya kuua kijidudu na nyingine ya kuituliza kinga.

Wazo kwamba kinga ni kitu cha kipimo kimoja, ambacho kikipanda ni afya na kikishuka ni ugonjwa, halisimami mbele ya kisa hiki. Mbwa mwenye mzio wa ngozi ana kinga inayofanya kazi kupita kiasi. Mbwa ambaye kinga yake inashambulia chembe nyekundu zake mwenyewe hufa kwa ziada hiyohiyo. Mtu anayeuza unga wa "kuongeza kinga" hawezi kukueleza ni sehemu ipi ya kinga inayopanda, na ni vyema kwamba unga mwingi wa namna hiyo hauna nguvu inayodaiwa, maana ungekuwa nayo ungewadhuru mbwa wengi.

German Shepherd wana bahati mbaya ya pekee katika ugonjwa huu. Wakati wa vita vya Vietnam jeshi la Marekani lilipoteza mamia ya mbwa kwa homa hii, na wengi walikuwa wa jamii hiyo. Kijidudu chenyewe kilikuwa kimeshaelezwa Algeria mwaka 1935. Mwitikio wa kinga wa German Shepherd dhidi yake huonekana kuwa dhaifu pale unapohitajika, yaani ndani ya chembe, na kelele nyingi zikiwa kwenye kingamwili. Mbwa wa kienyeji aliyeishi banda moja na Bosi hakuonyesha dalili hata moja.

### Mwarobaini ulipewa sifa isiyo yake

Homa ya kupe ina hatua. Ya kwanza huja wiki moja hadi tatu baada ya kuumwa na kupe, hudumu wiki mbili hadi nne, na kwa mbwa wengi hupoa yenyewe bila dawa yoyote. Kisha huja kipindi cha kimya, miezi hata miaka, mbwa akionekana mzima huku kijidudu kikiwa kwenye bandama. Wengine huishia hapo. Wengine huingia hatua ya tatu, na ndiyo Bosi alikuwa akielekea.

Ile homa ya mwisho wa vuli iliyopona kwa maji ya mwarobaini ingepona hata kwa maji ya bomba. Lakini nani angejua? Familia iliona mgonjwa, ikaona dawa, ikaona nafuu, kwa mpangilio huo. Nadhani hili ndilo tatizo gumu kuliko yote katika kuzungumza na wafugaji kuhusu tiba za asili: ushahidi wao ni wa kweli, waliuona. Ukiwadharau, hawatarudi. Kilichofanya kazi kwa mama huyu ni kumchorea hatua tatu kwenye karatasi pamoja na tarehe zake mwenyewe, bila kumwambia kwamba alikosea. Aliangalia ile karatasi muda mrefu kisha akauliza swali lililo bora kuliko yote ya siku ile: kama ningemleta Desemba, ingekuwaje? Ingekuwa doksisaiklini na basi.

### Kitunguu saumu na hesabu yake

Kuna utafiti wa Hokkaido, Japani, uliochapishwa mwaka 2000, ambapo mbwa walipewa maji ya kitunguu saumu yaliyolingana na gramu 5 za kitunguu kwa kila kilo ya mwili kwa siku 7. Hakuna aliyeanguka, ila ujazo wa damu ulishuka na chembe zilizoungua zilionekana. Watetezi wa kitunguu saumu huushika utafiti huu kuonyesha kwamba inahitajika dozi kubwa sana. Ni kweli kwamba dozi ilikuwa kubwa. Lakini wale walikuwa mbwa wenye afya, kwa siku 7. Kichwa kimoja chenye gramu 50 kwa mbwa wa kilo 26 ni karibu gramu 2 kwa kilo, vichwa viwili ni 4, na Bosi alikula hivyo kwa miezi, pamoja na rojo la vitunguu maji, huku akipoteza damu kwa njia nyingine. Uboho wake haukupata nafasi ya kulipa deni.

Kupika hakuondoi sumu hii. Kukausha na kusaga hufanya iwe kali zaidi kwa kijiko. Na madhara hujitokeza siku kadhaa baada ya kula, jambo linalofanya mfugaji asiyaunganishe na chakula.

Vilevile mama alikuwa akijua kwamba kitunguu maji ni sumu. Alichokuwa hajaambiwa ni kwamba kitunguu saumu ni wa ukoo huohuo, na mtu aliyempa ushauri wa kinga hakuona haja ya kutaja kipimo.

### Ukuta

Kupe wa mbwa, yule wa kahawia, humaliza maisha yake yote ndani ya makazi ya watu. Jike akishiba huachia, hupanda ukutani, hujipenyeza kwenye ufa na kutaga maelfu ya mayai. Banda lisilo na lipu lilikuwa kiwanda. Mafuta ya mwarobaini yanaweza kumfukuza kupe kwa muda, lakini hayafiki kwenye ufa, na kupe aliyekwisha kung'ata anaweza kupitisha kijidudu ndani ya saa chache. Kidonge cha kutafuna nacho kina mpaka wake: kupe hufa baada ya kung'ata. Kwa hiyo lipu, ambayo fundi aliipiga kwa siku moja, naihesabu kuwa ilichangia kinga ya mbwa hawa kuliko chochote kilichowahi kutwangwa kwenye kinu.

### Chanjo na mahindi

Haya mawili hayakuwa chanzo cha ugonjwa wa Bosi, lakini yanahusu swali la mama moja kwa moja.

Chanjo moja ya wiki 6 huenda haikumwachia Bosi kitu. Mtoto wa mbwa hupata kingamwili kwenye maziwa ya kwanza ya mama yake, na hizo huizima chanjo inayokuja mapema. Ndiyo sababu dozi hurudiwa kila wiki 2 hadi 4 na ya mwisho hutolewa akiwa na wiki 16 au zaidi. Kama kuna kitu kinachostahili kuitwa kuongeza kinga, yaani kuufundisha mwili umtambue adui fulani kwa jina, ni hiki. Na kwa kichaa cha mbwa jambo haliishii kwa mbwa: hadi asilimia 99 ya watu wanaopata ugonjwa huo huambukizwa na mbwa, na dalili zikishaanza karibu wote hufa.

Mahindi yenye ukungu yanaweza kuwa na sumukuvu ya aflatoksini. Tunaijua kwa binadamu, iliua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, na Kenya mwaka 2004 iliua zaidi ya mia. Mbwa huathirika nayo upesi. Huharibu ini, na hupunguza uwezo wa mwili kupambana na maambukizi. Albumini ya chini ya Bosi ilitufanya tufikirie ini, ingawa homa ya kupe peke yake huishusha pia. Mahindi yaliyokataliwa kwa watu hayawi salama kwa kuitwa ya mifugo.

### Yanayobaki na utata

Predinisoloni ilisaidia kiasi gani? Mbwa wengi wenye homa ya kupe hupandisha chembe sahani ndani ya wiki moja kwa doksisaiklini peke yake, na wapo madaktari ambao wangesubiri. Ningekuwa na mbwa mwenye 60,000 ningesubiri nami. Kwa 22,000 na pua inayovuja, bado naona uamuzi ulikuwa wa haki, lakini kisa kimoja hakiwezi kuuthibitisha.

Babesia, kijidudu kingine cha kupe kinachopasua chembe nyekundu, hakikuonekana kwenye slaidi. Kwa maambukizi ya muda mrefu hujificha vizuri. Kulikuwa na hoja ya kumchoma sindano yake kwa tahadhari, kama wanavyofanya wengi huku kwetu. Tuliacha, kwa kuwa miili ya Heinz ilikuwa maelezo ya kutosha na sindano hiyo ina sumu yake. Mkojo ulipoanza kung'aa wiki ya kwanza, bila sindano, swali hilo lilijifunga.

Mlonge mama anaendelea nao, majani mabichi kiasi cha kiganja ndani ya chakula mara moja moja. Hatukuona sababu ya kumkataza.